Uji Aliouonja Bahati

Mama,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa tangu wewe. Nimeona nianze na hilo kwa sababu nakujua: kila barua iliyofika nyumbani uliipokea kwa mikono miwili na kuuliza "Nani?" kabla haijafunguliwa, na mara nyingi alikuwa ni mjomba tu anaomba visamaki vya ndagala. Basi tulia, sote tupo. Paa la jikoni limezibwa. Kuku wako wa kahawia bado anataga chini ya kitanda kama mwenye nyumba. Bahati ameota ndevu tatu, naye anazinyoa kila Jumamosi kwa maji ya moto. Nimemshauri asubiri zifike nne.

Nakuandikia mezani pako hapa Kasenga, Jumapili baada ya ibada. Masomo nimemaliza, Mama. Nina diploma ya uuguzi na blauzi nyeupe mbili, moja ya kazi na moja ya kuogopesha watu. Jirani yetu, yule anayecheka kabla hajamaliza hadithi, sasa ananiita "Muganga" mbele ya wageni, na "weye Sifa" anapotaka chumvi. Ungefurahi. Najua ungefurahi, na ungejifanya hukusikia ili arudie.

Lakini sikukaa hapa kukupa habari za kuku na ndevu. Nina jambo la kuungama kwako, na nina habari niliyoitoa Rurambo, huko juu milimani, ambayo inakuhusu wewe na mimi. Nitazisema kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanza hadithi kwa mkia.

Ni ule uji, Mama. Ni lile jina walilokupa.

Unakumbuka siku ya uhuru? Nilikuwa na miaka minane. Watu walikuwa wanaimba barabarani na wewe ulikuwa jikoni, umefunga kanga kifuani, unapika bugali kwenye sufuria ya kanisa uliyoiazima bila kumwambia mchungaji. Kila aliyepita ulimvuta mkono. "Uhuru na njaa havikai nyumba moja," ulisema, na watu walikula mpaka wakasahau hotuba. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Mtu akikataa chakula chako ulimtazama kana kwamba amekutukana baba yako.

Kisha ukaja uasi. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na miwili, Bahati mitatu. Chumvi ikapotea, sabuni ikapotea, shule ikafungwa, na vijana wenye bunduki wakaweka kizuizi darajani. Baadaye wapiganaji walipanda milimani wakaanza kula ng'ombe wa watu wa huko, na watu wa milima wakashuka ziwani na watoto wao. Familia moja uliikuta imekaa chini ya ukuta wa kanisa: bibi mmoja na wajukuu wake watatu. Yona alikuwa na miaka kumi na sita, Rebeka rika langu, na binamu yao mdogo kidogo kuliko sisi. Hukuuliza kabila wala dhehebu. Uliwauliza tu kama wanakula ndagala. Bibi akasema hawajui ndagala ni kitu gani, nawe ukacheka, ukambebea mzigo wake mpaka kwetu. Sisi tulimwita Nyogokuru, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita.

Ilikuwa vigumu mwanzoni. Watu wa milima hawali ovyo mbele ya watu, na wakati ule kila mtu aliogopa kila mtu. Neno lililokuwa midomoni mwa wote lilikuwa karuho, ile sumu ya polepole ambayo humla mtu ndani kwa ndani bila yeye kujua ameilia wapi. Kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Ulionja siku ya kwanza, ukaonja siku ya pili, lakini uliona jinsi Nyogokuru alivyolitazama kopo la uji kabla hajalishika. Siku ya tatu ukamwita Bahati.

"Huyu ni wangu wa mwisho," ulimwambia Nyogokuru. "Muntu gani anaweza kuwekea mutoto wake wa mwisho sumu?"

Nyogokuru alimtazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali, na mambo yakaisha. Tangu asubuhi ile uji haukunywewa mpaka Bahati auonje. Namuona mpaka leo: uchi, tumbo mbele, analishika lile kopo kubwa la bati kwa mikono yote miwili, anachovya vidole, analamba, anachovya tena, anakunywa, anafuta mdomo kwa kiganja na kurudisha kiganja ndani ya kopo. Alijivunia kazi yake kuliko chifu. Mtu akiongea, alikataa kuonja mpaka kimya kipatikane. Hata Yona, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba kopo. Na kabla ya kubeba kopo, kumnawisha Bahati mikono.

Hapa ndipo pa kuungama, Mama, kwa hiyo kaa chini.

Ulinipa kipande cha sabuni. Ulikuwa umekificha tangu kabla ya vita ndani ya soksi ya marehemu Baba. Ukaniambia, "Hii ni ya mikono ya Bahati, asubuhi na akitoka kujisaidia, si ya kitu kingine." Nikaitika. Siku mbili tatu nilifanya. Kisha mimi na Rebeka tukagundua kwamba sabuni ile ina harufu ya waridi. Tukaenda nayo mtoni tukafua vitambaa vyetu vya kichwa, tukaosha nywele, tukanusana kama wendawazimu. Tukaapa tutaitumia kidogo kidogo mpaka vita viishe, tuwe wasichana pekee mjini Uvira wanaonukia. Nilikuwa naificha kwenye ufa wa ukuta. Kila asubuhi ulipiga kelele kutoka jikoni, "Weye Sifa, umenawisha ule mutoto?" Nami nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Sikumnawisha. Nilimpangusa kwa jani, au kwa gauni langu, au sikumpangusa kabisa.

Kisha tumbo la Bahati likaharibika. Unakumbuka? Siku nne hivi, ulimpa maji ya majani ya mapera, akakataa bugali, akalala mchana, halafu siku ya tano akaamka akidai kopo lake. Nani angefikiri kitu? Watoto wa Kasenga tumbo huwaharibika kila wiki. Hata siku alizokuwa anaumwa aliletwa aonje, kwa sababu asingeonja wageni wasingekunywa, na wewe hukutaka walale njaa.

Ulipita karibu mwezi. Yona akaanza kuchoka. Rebeka alimcheka, akasema kaka yake amejifunza uvivu wa watu wa ziwani. Akaacha kula. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, na asubuhi moja alipoinua uso, macho yalikuwa ya njano. Kabla wiki haijaisha Rebeka naye akawa hivyo hivyo, kisha binamu yao. Watatu walilala sebuleni kwetu wakitapika, ngozi njano, wanajikuna. Na sisi? Bahati anakimbiza kuku. Mimi mzima. Watoto wa mtaa mzima wazima.

Yona alisema maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia, maana alikuwa ameketi mlangoni. "Batoto yenu iko bazima. Siye tuko tunakufa. Mulitukulisha nini?"

Nilikutazama. Nilisubiri uape. Wewe uliyekuwa unaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yako kwa ajili ya kipimo cha unga, siku ile hukuapa. Uliokota bakuli la Yona, ukaenda kuliosha.

Wakati ule neno kama lile liliweza kuua. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mwanamke aliyeitwa na wale vijana wa kizuizini kwa sababu ya neno kama hilo, na watoto wake hawakumuona tena. Nilikuwa najua. Nilikaa siku mbili na haja ndogo ikinitoka kila niliposikia viatu njiani. Siku ya tatu Nyogokuru aliwafunga wagonjwa wake kwenye machela za miti, ndugu zake wa bondeni wakaja kuwabeba kuelekea Kiringye, na wakaondoka. Rebeka hakugeuka. Vijana wa kizuizini walikuja mara moja, wakakuuliza maswali uani kwa sauti ya chini, wakachukua mbuzi wetu, wakaenda. Tukasema Mungu ametusaidia.

Baadaye tulisikia wagonjwa wote watatu wamepona. Ningedhani hilo lingekusafisha. Lakini watu wakasema sumu ilikuwa kidogo, au Mungu wa watu wa milima ana nguvu. Jina la mwenye sumu likakukaa. Walikusalimu, walikuuliza habari za watoto, walikuja kwenye misiba yetu, lakini hawakula. Karamu za kanisa sufuria yako iliwekwa mwisho wa meza, karibu na mlango, na ulirudi nayo nzito kama ulivyokwenda nayo. "Leo tumebarikiwa," ulikuwa unasema ukiifunua mbele yetu. "Tutakula mara mbili." Na tulikula, na ulitutania, na ulicheka. Miaka kumi na miwili, Mama. Nilikuwa nakasirika mpaka naumwa kichwa. Siku moja nilikuuliza kwa nini hukuapa siku ile, ukanijibu kwamba kelele haifui nguo, kisha ukanituma kuni.

Uliondoka mwaka jana ukiwa na jina hilo. Moyo ulichoka, ukalala baada ya chakula cha mchana na hukuamka. Ulizikwa vizuri, watu walikuwa wengi, na hakuna aliyegusa chakula cha matanga ila sisi na mchungaji. Hilo sikutaka kukwambia, lakini nimeahidi kusema kwa mpangilio.

Sasa njoo nami darasani.

Ilikuwa miezi minane baada ya mazishi, mwaka wangu wa mwisho wa shule. Mwalimu alichora ini ubaoni, akachora vibaya, likawa kama kiatu. Tukacheka. Akaanza kueleza ugonjwa wa macho ya njano. Akasema upo wa aina zaidi ya moja, na huu mmoja ni kijidudu kidogo sana kinachoingia kwa mdomo. Hutoka kwenye choo cha mgonjwa, hupita kwenye maji na kwenye mikono isiyooshwa, huingia kwenye kopo la mwingine. Mtoto mdogo akikipata, aghalabu huharibika tumbo siku chache tu, au haonyeshi kitu chochote, na macho yake hubaki meupe. Lakini anakitoa na kukisambaza. Kijana wa miaka kumi na mitatu, kumi na sita, akikutana nacho kwa mara ya kwanza, huyo ndiye anayelala. Dalili huja baada ya wiki tatu, nne, wakati kila mtu amesahau. Na aliyekwisha kupitia, hata kama hakujua, mwili wake unakikumbuka maisha yake yote, hakimshiki tena. Ndiyo maana, alisema, kwenye mitaa ambako watoto wanakunywa maji ya mto na kushirikiana vyombo, karibu wote wamekwisha kupata kinga kabla hawajaanza shule. Akija mgeni aliyekulia pengine, kwenye nyumba zilizotawanyika, penye chemchemi safi, yeye ndiye anayeumia.

Kalamu yangu ilisimama, Mama.

Niliinua mkono. Nikauliza, "Na mtoto wa miaka mitatu mwenye kuharisha, akiwa ndiye anayeonjea wageni uji?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Huyo anaweza kuwaambukiza wote waliokunywa baada yake, na mwenyewe akaendelea kucheza." Nikakaa chini. Nikahesabu wiki kwa vidole chini ya dawati. Zilitimia. Sisi wa Kasenga hatukuugua kwa sababu tulikwisha kuugua zamani bila kujua. Wao waliugua kwa sababu tuliwathibitishia kila asubuhi kwamba hatuna sumu. Na mikono iliyotumika kuthibitisha ilikuwa mikono niliyoambiwa niinawishe.

Ningekukimbilia siku ileile. Ningefika jikoni na blauzi yangu nyeupe nikwambie kila kitu, ungenichapa mwiko wa mgongo, halafu ungenipa chakula. Lakini nilifika nikamkuta kuku wako tu. Basi nikaamua kuwapelekea habari waliokuwa hai.

Nilipanda gari la mizigo mpaka Kiringye, nikalala kwa mwanafunzi mwenzangu, asubuhi nikaanza kupanda. Rurambo, kwao Nyogokuru, ni mbali, Mama. Miguu yangu ya ziwani ililia. Nilipumzika kila penye jiwe, na watoto wachunga ng'ombe walinipita mara mbili, wakienda na wakirudi, wakinipa pole kwa adabu kubwa. Huko juu kuna baridi ya kukufanya uwapende ng'ombe. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa, na mlangoni nikamkuta mwanamke amebeba mtoto mgongoni, anasukasuka kibuyu cha maziwa. Alinitazama kwa muda. Kisha akaweka kibuyu chini.

"Sifa," alisema. "Weye uko na ile sabuni mpaka leo?"

Nililia kabla sijamsalimu. Rebeka amenenepa, ana watoto wanne na meno yote. Yona ni mzee wa kanisa, ana ndevu za kweli. Na Nyogokuru yupo! Macho yamekwisha, lakini masikio yake yanasikia hata mtu akikonyeza. Waliniketisha karibu naye motoni. Nikamwambia yote: kijidudu, mikono, siku nne za tumbo la Bahati, sabuni, ile "ndiyo, Mama" yangu ya kila asubuhi. Nilimwambia haikuwa sumu, na kama kuna mwenye kosa ni mimi. Yona alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

Nyogokuru alipapasa kuni, akaisukumia motoni. Kisha akauliza swali moja. "Na minye? Nilikunywa ile ile kopo, kila siku. Ni kwa nini minye sikugonjwa?"

Nimepita mitihani mingapi, na hili swali sikuliona linakuja. Kama wote wa milimani hawakuwa na kinga, na yeye ni wa milimani, basi hadithi yangu imetoboka na wewe unarudi kuwa mwenye sumu. Nilimuona Yona anakunja mikono. Nikamuuliza, kwa sababu sikuwa na la kufanya zaidi, alikulia wapi.

Akasema alikulia bondeni. Baba yake alikufa mapema, mama yake akamrudisha kwao, na mpaka alipoolewa alichunga ndama kando ya mto Ruzizi. Nikauliza walikunywa maji gani. Akacheka kwa ufizi. "Maji ya ndama," alisema. "Bao banakunywa hapa, siye tunakunywa hapa." Akaonyesha shibiri moja kwa mkono. Rebeka ndiye aliyeelewa kwanza, kwamba bibi yake alikwisha kuugua utotoni kwa maji ya mto kama sisi, akapiga kofi gotini, akaanza kucheka, na Yona akaja akaketi chini pamoja nasi.

Nilidhani nimemaliza kazi. Lakini Nyogokuru alinishika mkono, akauminya, akasema sasa zamu yake kuungama.

Alisema Yona na ndugu zao wa bondeni waliokuja kuwaona hawakukutaja wewe. Walinitaja mimi. "Ule mukobwa anabeba kopo." Nilikuwa ndiye ninayechota, ninayebeba, ninayekabidhi. Neno lilikuwa limefika kizuizini, na wale vijana walikuwa wametuma mtu kuuliza jina la msichana. Kabla Yona hajasema yale ya mlangoni, Nyogokuru alikuita nyuma ya nyumba akakwambia, kwa sababu ulimbebea mzigo wake siku ile kanisani. Nawe ukamjibu hivi, na amelikumbuka neno kwa neno: "Uji ya hii nyumba minye ndiye ninapika. Ule mutoto anabeba tu. Bakitaka jina, bapeleke langu." Ukamwomba kitu kimoja tu, asinijulishe kamwe. Naye akaondoka, na njia nzima alipoulizwa alisema ni mama, si mtoto. Aliona aibu miaka yote hii, kwa sababu moyoni hakuamini kwamba ni wewe, na alikuwa anaogopa kushuka kukuomba radhi.

Kwa hiyo ndiyo maana hukuapa. Ungeapa kwamba si wewe, wangeuliza basi ni nani.

Nimeacha kalamu mara tatu, nimekwenda kumwangalia kuku, nimerudi. Nilikuwa nimekukasirikia, Mama, kwa kunyamaza. Nimekukasirikia mpaka kaburini. Wewe ulikuwa unarudi na sufuria iliyojaa, unatutania, huku unajua kila siku kwa nini imejaa. Nakupenda. Sikulisema vya kutosha kwa sababu mlangoni mwako mtu hakupata nafasi ya kusema, mdomo ulikuwa umejaa chakula.

Sasa furaha. Jumapili iliyofuata Yona alisimama kanisani kwao, akasema mbele ya wote kwamba nyumba ya Mama Sifa wa Kasenga haikufanya ubaya, na kwamba yeye alisema uongo bila kujua. Wiki tatu zilizopita walishuka, wote, na Nyogokuru akabebwa kwenye kiti na wajukuu wawili. Walileta siagi na maziwa. Niliwapikia bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wanne wakubwa wa mikeke, na mtaa ulikuja kutazama kama sinema. Nyogokuru alikuwa wa kwanza kupeleka mkono, na aliposhiba akasema kwa sauti, "Miaka yote hii tulijinyima bure." Basi, Mama! Jirani yetu alisogeza stuli. Mke wa mchungaji akasogea. Ilipofika saa tisa walikuwa wanagombania ukoko, watu wazima, na Bahati anawahesabia zamu. Nilisimama mlangoni pa jikoni nikakutafuta kwa macho, mazoea tu.

Nimepata kazi kwenye dispansere ndogo huko bondeni, naanza mwezi ujao. Bado wanaonjea wageni huko, na sitawakataza, ni heshima. Nitaweka tu maji na sabuni kabla ya kopo, na nitasimama pale mpaka mikono ya mwonjaji iwe safi, hata wakiniita mkorofi. Bahati atabaki na nyumba. Amesema atamlisha kuku wako, ingawa hawapendani.

Lala vizuri, Mama. Usiamke kupika.

Ahadi yangu kwako ni moja. Huko bondeni bado wapo wanaoisimulia hadithi ya uji wa Kasenga, na siku moja ataketi mtu mbele yangu aulize ni nani aliyekuwa anabeba lile kopo. Umejibu kwa ajili yangu miaka kumi na miwili. Sasa nitajibu mwenyewe.

Mwanao,
Sifa